Uzi wa Mkono wa Kushoto

Chumba kile kilijengwa kwa sababu ya aibu. Kwetu Ukambani tunaiita nthoni, na si aibu ya mtu aliyekosa, bali ile heshima yenye woga iliyopo kati ya mkwe na mama mkwe. Mwanamume halali chini ya paa moja na mama aliyemzaa mkewe, wala haingii anakolala. Kwa hiyo mama yangu alipoanza kuugua na ikawa lazima akae karibu na hospitali ya mjini badala ya kubaki peke yake Ndithini, mume wangu alifanya linalofanywa na mkwe mwenye adabu. Alimwita fundi, mama akajengewa chumba kimoja bustanini, nyuma ya nyumba yetu hapa Machakos, karibu na mpera. Tangu siku kilipoezekwa mabati, mume wangu hakukikanyaga.

Jioni akirudi kutoka kiwandani Kinanie, alisimama chini ya mpera, hatua kama kumi kutoka mlangoni, akakohoa mara mbili. Kisha aliuliza, "Mwaitu, umeshindaje?" Ndivyo tunavyomwita mama, mwaitu. Naye alijibu kutoka ndani, "Nimeshinda nimekaa." Miezi tisa, swali lile lile na jibu lile lile. Mimi nilikuwa jikoni nikicheka, nikidhani ni mzaha wa kizee.

Kukaa alikaa kweli. Alikuwa na kigoda kimoja, cha miguu mitatu, alichokuja nacho kutoka nyumbani. Alikunja leso mpaka juu ya goti, akalaza nyuzi za katani kwenye paja lililo wazi, akazisukuma mbele kwa kiganja, shwaa, kisha akazirudisha pamoja, shwaa, mpaka zikasokotana zikawa uzi mmoja. Hivyo ndivyo uzi wa kyondo, kikapu chetu cha katani, unavyosokotwa, na mwanamke aliyesokota maisha yake yote huwa na sehemu ya paja iliyolainika, haina hata kinyweleo. Wanawake wengi hiyo sehemu iko paja la kulia. Ya mama ilikuwa kushoto. Shuleni alikaa miaka miwili, mwalimu akimchapa ule mkono wa kushoto ili auache, na mwishowe akaacha shule.

Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nikiwachapa watu kwa maneno, na miguu yangu ilikuwa haitulii. Asubuhi nilimpelekea mama chai na mihogo, nikasimama mlangoni, nikauliza kama amelala vizuri, nikaangalia saa. Mchana alikuja mwanamke jirani tuliyemwandika kazi ya kumwogesha na kumpikia. Jioni nilisimama tena mlangoni na sahani ya chakula. "Kaa kidogo," mama alikuwa akisema, akigonga kitanda kwa kiganja. Nami nilikuwa nikisema, "Nakuja, mwaitu," huku nikiondoka. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na sitaki kujitetea. Kwa miezi tisa sikuwahi kukaa katika chumba kile, hata mara moja.

Asubuhi ya mwisho alisema vile vile. Alikuwa ameamka mapema, ameshikilia katani. "Kaa kidogo, kuna kitu nataka kukuonyesha." Nikamwambia nitachelewa gwaride la asubuhi, anionyeshe jioni. Saa nne nikaitwa kutoka darasani. Nilipofika nilimkuta jirani amemlaza kitandani na kumfunika, na mume wangu amesimama chini ya mpera na kofia mkononi. Tulimzika Ndithini, kando ya baba.

Mwaka mzima chumba kilifungwa. Mume wangu, kila akipita kando yake kwenda kumwagilia sukuma wiki, alikohoa mara mbili. Nilimtania mwanzoni. "Unamkohoa nani, baba?" Akasema ni vumbi. Kwa kweli vumbi la Machakos linatosha kumkohoza mtu yeyote, kwa hiyo nikamwachia.

Kisha mgongo wangu ukagoma. Daktari wa viungo, kijana mdogo ambaye ningeweza kuwa nilimfundisha, alinikanda dakika chache akaacha. "Mama, mwili wako haujui kukaa," akasema. "Uko na mahali pa kupumzika nyumbani?" Nikasema kuna sebule. Akauliza kama nimewahi kupumzika humo. Nilikasirika njia nzima, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Hapo ndipo wazo la spa liliponijia, na nikipata wazo huwa siliachii mpaka liwe. Nilitazama video kwenye simu: wanawake wenye taulo nyeupe kichwani, mishumaa, mawe laini, maji yenye maua. Nikasema chumba ninacho. Mume wangu alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Hiyo chumba si tuiache tu?"

"Tuiachie nani?"

Akaimaliza ile chai. Lakini fundi alipokuja, mume wangu ndiye aliyemwelekeza kuhusu mabomba, akiwa amesimama nje ya dirisha na shingo ameinyoosha kama kuku anayechungulia ghalani. Fundi alidhani ni mgonjwa wa magoti, asiyeweza kupanda ngazi moja.

Nilitoa kitanda cha mama, nikampa jirani. Sakafu ikawekwa vigae vya rangi ya udongo, ukuta mmoja ukapakwa kijani. Nilinunua beseni refu la kuogea, la kulala ndani, kutoka kwa watu waliobomoa hoteli ya zamani, na fundi akaliunganisha na tangi la mvua na hita ndogo. Maji machafu niliyaelekeza kwenye migomba, maana nimezaliwa mahali ambapo maji hayamwagwi ovyo, na hata katika spa yangu nisingeweza kulala nikijua maji yanapotea. Nikaweka kitanda cha kukandiwa, rafu ya mafuta, na kona ya kujifukiza: jiko la makaa, sufuria, majani ya mkaratusi na shuka zito. Kwa kuoshea miguu nilitumia beseni jekundu la plastiki alilonipa mama siku ya harusi yangu. Mabinti wa kwetu hupewa kyondo na mama zao siku ile. Mimi nilipewa beseni. Nililitania beseni lile miaka ishirini na sita, mbele yake na nyuma yake.

Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na katoni, na ndani yake mafundo ya uzi wa katani, mengi, yamepangwa vizuri. Hakukuwa na kyondo kilichoanzwa, uzi tu. Kwenye video nilikuwa nimeona madodoki ya katani ya kusugulia mwili, yakisifiwa kwamba yanaondoa ngozi iliyokufa. Nikachukua mkasi wa jikoni. Nilikata uzi wote vipande vya urefu wa shibiri, nikavifunga vishada sita, nikavitundika kwenye misumari juu ya beseni. Vilipendeza. Nilivipiga picha nikazituma kwenye kikundi cha walimu.

Jumamosi ya kwanza niliingia saa tisa alasiri. Nikajaza maji, nikaweka majani ya mkaratusi yachemke, nikawasha mishumaa ingawa jua lilikuwa linawaka. Nikajilaza. Nilijisikia mjinga kidogo, halafu nikaanza kujisikia vizuri. Nikafunga maji.

Shwaa. Kimya kifupi. Shwaa.

Nilifungua macho. Nikasema ni mabati yanayopoa, lakini saa tisa mabati hayapoi. Nikasema ni matawi ya mpera yanayogusa ukuta, nikatazama dirishani nikaona majani yametulia. Na katika ule mvuke kulikuwa na harufu ambayo haikuwa ya mkaratusi. Ilikuwa harufu ya katani mbichi na majivu, harufu ya mikono ya mama. Nilitoka majini bila kujisuuza, nikavaa kanzu nikiwa bado nimelowa, nikaenda kusahihisha mitihani.

Mimi si mtu wa kuogopa. Nimewahi kumtoa nyoka darasani kwa ufagio. Kwa hiyo nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Kila mara ilikuwa vivyo hivyo: mradi maji yanatiririka, amani, nikiyafunga nikatulia, shwaa, shwaa, polepole, ya mtu asiye na haraka. Nikijisugua kwa dodoki ndipo harufu ilipozidi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Kila nilipotoka na kujitazama, ngozi yangu yote ilikuwa salama isipokuwa paja la kushoto. Lilikuwa jekundu, limechubuka, kana kwamba mkono wangu ulikuwa ukirudi hapo peke yake wakati nikiwaza mengine.

Nilimwalika mwalimu mwenzangu wa hisabati, mwanamke mkavu asiyeamini kitu kisichothibitishwa ubaoni. Nikampaka mafuta mgongoni, nikamfunika, nikamwacha alale, nikaenda kuketi kwenye ngazi za jikoni. Baada ya dakika kumi alitoka akifunga leso.

"Nani anasugua sakafu huko nyuma?"

"Nyuma hakuna sakafu. Ni ua tu, na migomba."

Akanitazama, akavaa viatu. Alinishukuru sana kwa mafuta.

Nataka nieleweke. Sikuwa nikiogopa kwamba mama atanidhuru. Mama yangu hakuwahi kunipiga kofi. Nilichoogopa ni kwamba ananitaka nitoke. Nilikuwa nimekataa kukaa naye alipokuwa hai, halafu nimemtolea kitanda chake, nimeweka beseni la hoteli, nimewasha mishumaa, ndipo sasa nakuja kukaa kwa raha zangu. Ningekuwa yeye, ningenifukuza. Hilo ndilo lililonichoma: nilitaka kitu kimoja tu, kukaa katika chumba kile na kuruhusiwa, na yule aliyepaswa kuniruhusu ndiye niliyekuwa nimemwambia asubiri jioni.

Nikaanza kufikiria kukifunga tena. Mume wangu alikubali haraka mno.

Kabla sijafunga, mama mdogo alikuja kutoka Ndithini. Ni dada mdogo wa mama, na kwa sura wangeweza kubadilishana vitambulisho. Alikuja kliniki ya macho, akakaa nasi siku chache, na kwa sababu naye ni mama mkwe kwa mume wangu kama alivyokuwa mama, usiku alilala kwa jirani. Nilimwambia kuna chumba cha kuoshea miguu, nikitaka, nadhani, mtu mwingine wa damu yangu asikie nilichosikia.

Aliingia bila kusita. Akatazama beseni refu akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya maji yote ya mtu mmoja? Ngai!" Nikamketisha, nikamimina maji ya moto kwenye lile beseni jekundu, nikapiga magoti, nikachukua kishada kimoja ukutani nikaanza kumsugua nyayo.

Akanishika mkono.

"Hebu nione hiyo kitu."

Akakikausha kwa leso yake, akavuta kipande kimoja, akakileta karibu na jicho ambalo daktari alikuwa ameliwekea dawa. Jicho halikutosha. Akakisokota kati ya vidole, kwa upole, kwanza upande mmoja, halafu upande mwingine. Uzi ukafumuka.

"Hii uzi ni ya dada yangu," akasema. "Imeenda upande mbaya. Sisi wote tunasokota hivi, yeye alikuwa anasokota hivi. Mama yetu alikuwa anasema hata gizani utajua uzi yake. Ulitoa wapi?"

Nikamwambia. Nilieleza katoni, mkasi, video, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika kile kipande.

"Mwiitu wakwa," akasema, binti yangu, "hiyo ilikuwa kyondo yako."

Kisha akaniambia nisilolijua. Mwaka nilioolewa mvua haikunyesha. Mama alikuwa na vyondo vitatu vilivyokwisha, kimoja ni changu, na alikipamba mwenyewe kwa uzi wa rangi. Aliviuza vyote sokoni Ekalakala kwa mahindi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wadogo zangu. Jioni ile ile alipita dukani akanunua beseni. Hakutaka niambiwe. Kila nilipolitania alicheka pamoja nami. Na alipokuja kuishi bustanini kwangu alimwambia dada yake kwa simu kwamba sasa amepata muda, atasokota uzi wa kutosha kyondo changu, ila hatakianza mpaka binti yake akae chini. Alitaka tukianze pamoja, aniwekee kwa mikono yake ile mizunguko ya kwanza ya kitako cha kyondo.

"Alikuwa anasema, huyu mtoto iko siku atachoka, atakaa tu."

Nililia nikiwa nimepiga magoti, mikono ndani ya maji ya miguu yake. Sikulia hivyo kaburini. Nilikuwa nimejisugua mgongo kwa kazi ya mwisho ya mama yangu, Jumamosi saba, nikitafuta harufu inatoka wapi. Nikamwambia mama mdogo kwamba nimeiharibu, nimeikata vipande vifupi, haiwezi kufaa kitu tena.

Alinisikiliza kidogo, halafu uvumilivu wake ukaisha. Ni mtu wa ukoo wetu.

"Kwani wewe unafikiri kyondo inatengenezwa na uzi moja mrefu kutoka hapa mpaka Ndithini? Ni vipande. Kila saa unaongeza, unaunga. Kazi yote ni kuunga." Akanirushia leso. "Panguza uso. Kunja nguo. Si huko, paja la kushoto. Hii ukiunga na mkono wa kulia itafumuka yote."

Basi nikaketi. Tulishusha vishada vyote, tukavifungua, tukavianika kwenye kitanda cha kukandiwa, juu ya taulo nyeupe nilizonunua kwa ajili ya mambo mengine. Akanionyesha: unafumua ncha mbili, unazipishanisha, unatia nyuzi mpya kidogo za katani, majivu kidogo kiganjani, unasukuma. Mkono wangu wa kushoto haukuwahi kufanya kazi yoyote ya maana maishani, ulikuwa wa kushikilia karatasi wakati wa kulia ukiandika. Nilisukuma, uzi ukakimbia. Nikasukuma tena, ukajikunja fundo. Paja likawaka moto. Mama mdogo alikuwa akila mapera na kunicheka, na sisemi uongo, siku tatu zile hatukusikia chochote ila sisi wenyewe.

Siku ya kuondoka aliniwekea mizunguko ya kwanza ya kitako, kwa mkono wake wa kulia, akaniambia kilichobaki ni changu. Kilikuwa kidogo, upana wa sahani ya chai.

Nimeendelea. Jumamosi saa nane najaza maji, najilaza mpaka mgongo ulegee, halafu natoka, najifunga leso, naketi kwenye kigoda kile cha miguu mitatu na kuunga. Mishumaa siwashi tena. Ile sauti sijaisikia tangu mama mdogo aondoke, na naomba niseme ukweli wote: kuna siku naisubiri. Nafunga maji, natulia, nasikiliza, nasikia kuku wa jirani. Nilitaka anyamaze, na sasa amenyamaza, na sijui kama ameniruhusu au amechoka kuningoja.

Jumamosi iliyopita mume wangu aliniaga kwamba anakwenda mkutano wa kanisa na atarudi jioni. Mkutano ukaahirishwa, nadhani, maana ilikuwa bado saa kumi. Sikumsikia akifungua lango. Nilikuwa nimeinama juu ya paja, na kwa mara ya kwanza mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mwendo. Uzi haukukimbia. Shwaa, nikaurudisha, shwaa.

Nje, chini ya mpera, mtu akakohoa mara mbili.

Nilisimamisha mkono. Nilijua ni yeye, na nilijua kikohozi kile hakikuwa changu. Mimi mume wangu hanikohoi. Kupitia pazia nilimwona kofia ameishika mkononi, macho ameyaelekeza chini kama inavyompasa.

"Mwaitu," akasema, "umeshindaje?"

Ningeweza kumwambia ni mimi. Nilifungua mdomo nikiwa na nia hiyo hiyo. Nikatazama uzi pajani.

"Nimeshinda nimekaa," nikajibu.